Binti yangu wa miaka 10 anapiga softiboli kwa mikono tu, mwili haumo. Nianzie wapi?

Baba Neema
Wakubwa shikamooni, wengine habari za mihangaiko. Tuko Dallas, Texas. Binti yangu anacheza softiboli, ule mchezo wa gongo unaofanana na besiboli, timu ya watoto wa miaka 10 kushuka chini, na mchezo wenyewe anaupenda kupita kiasi; akirudi shule begi hata halijatua, kashika gongo. Msimu uliopita makocha ndio waliokuwa wakiwarushia mipira, akawa anaitandika vizuri. Sasa wanarushiana watoto wenyewe, futi 35, na mambo yamebadilika. Mpira ukija, mguu wa mbele unakimbilia pembeni, kichwa kinageukia uwanjani kabla gongo halijagusa kitu, kiuno kimelala. Akiupata, unabingirika tu mpaka kwa mrushaji.

Gongo karithi kwa binamu yake, inchi 31, aunsi 21. Wazazi pembeni ya uwanja wanampigia kelele "inua kiwiko!", na akikiinua anazidi kuchelewa. Kocha wao mtu mwema, ila ana watoto wengi, hawezi kukaa na mmoja. Mimi nimekulia mpira wa miguu, huu nimeukuta huku. Nataka nimsaidie hapa uani nyumbani.

Kocha wa Upanga
Hongera mkuu kwa kumfuatilia mtoto. Nafundisha softiboli wasichana wa sekondari hapa Dar, na ugonjwa huo nakutana nao kila kundi jipya likiingia.

Kwanza gongo. Mwambie alishike kwa mkono mmoja, aunyooshe pembeni usawa wa bega, wewe uhesabu taratibu mpaka 20. Likianza kulegea na kushuka kabla hujamaliza, ni zito kwake. Kwa umri huo, mwili wa kawaida, inchi 28 au 29 lenye aunsi 17 au 18 linatosha. Mtoto mwenye gongo zito hana namna, atalivuta kwa mabega na kulizungusha mbali na mwili, hata umfundisheje.

Ushikaji: gongo likae kwenye vidole, lisizame kiganjani. Vile vifundo vya kati vya vidole, vya kubishia hodi, vya mikono yote miwili vikaribie kuwa mstari mmoja. Akilikaba kiganjani viwiko vinakakamaa.

Kiuno sasa. Mpe ndoo ndogo yenye maji kidogo, asimame ubavu kama anayesubiri mpira, ayamwage mbali kwenye majani. Hakuna mtoto anayemwaga maji ya ndoo kwa mikono peke yake: anarudisha uzito nyuma, anakanyaga mbele, kiuno kinatangulia, mikono inafuata. Akishalisikia hilo mwilini, mpe gongo arudie vile vile. Usimpe maelezo mengine siku hiyo.

Mkriketi NBO
Naomba kuongezea. Kwenye kriketi kiwiko cha mbele lazima kiwe juu na gongo linashuka wima. Ajaribu kupiga kwa kushuka, mpira utaenda chini chini kwa kasi.

Kocha wa Upanga
Hapo hapana, kaka. Kriketi mpira unadunda kwanza, na gongo lenu ni bapa. Huku mpira haudundi, gongo ni la mviringo, ukilishusha unaukata mpira na unaishia ardhini, ndilo tatizo alilonalo tayari. Mpira wa watoto hawa hauna kasi kubwa, kwa hiyo unafika ukiwa unashuka. Gongo liingie kwenye njia ya mpira mapema na kupanda kidogo, likutane nao uso kwa uso. Na kiwiko cha nyuma kikiinuliwa juu sana, lazima kishuke kwanza ndipo gongo lianze safari. Mpira wa maili 40 kwa saa unamaliza futi 35 kwa kama sekunde 0.6. Huo muda wa kushusha kiwiko anautoa wapi? Akiache kilegee, basi.

Mama Tausi, Minnesota
Baba Neema, pole na kazi. Wanaume mmeongea viwiko na viuno, mimi naona mtoto anaogopa. Mguu unaokimbilia pembeni ni woga, na woga hautoki kwa kuambiwa "usiogope". Watoto wenzake bado hawajui kulenga, mipira inampiga kweli. Wangu alipitia hayo hayo, leo yuko timu ya sekondari.

Anza na mipira ya tenisi. Avae helmeti yenye kinga ya uso. Kabla ya kumfundisha kupiga, mfundishe kupigwa: mpira ukimfuata, ageuze bega la mbele kwa ndani, kidevu kiinamie kifuani, mgongo upokee. Mrushie hivyo taratibu, mcheke pamoja, mpaka aone kwamba mwili wake unajua pa kwenda. Kisha laza kamba chini kuelekea kwako, mguu wa mbele ukanyage juu ya kamba. Usimkaripie ukitoka nje, onyesha kamba tu.

Baba Neema
Ahsanteni sana. Mama Tausi, hilo la woga sikuwa nimeliona kabisa, na kweli wiki mbili nyuma alipigwa ubavuni. Ndoo imeleta mabadiliko, kiuno kinageuka. Gongo la inchi 29 nimeazima kwa jirani. Swali: nikimwekea mpira kwenye kile kistendi cha kupigia mpira uliotulia, ukae wapi? Na akipiga analalamika viganja vinamuuma.

Kocha wa Upanga
Watu wengi hukiweka kistendi katikati ya mwili, mtoto akazoea kupiga kwa kuchelewa. Kiweke usawa wa mguu wa mbele baada ya kukanyaga, mbele yake kidogo. Kama anatumia mkono wa kulia, gongo linapougusa mpira kiganja cha kulia kitazame juu na cha kushoto chini. Viganja kuuma mara nyingi ni mpira kukutana na sehemu nyembamba karibu na mikono, kwa sababu mikono imechelewa. Sogeza kistendi mbele, yataisha.

Halafu msimamishe mbele ya uzio, umbali wa gongo moja kutoka kitovuni, azungushe polepole bila mpira. Gongo likikwangua uzio, mikono inaenda mbali na mwili. Mpige video ya mwendo wa polepole kutoka ubavuni, aitazame mwenyewe kabla hujasema neno.

Mama Tausi, Minnesota
Na wale wa "inua kiwiko" uongee nao wewe, pembeni, mtoto asiwepo. Softiboli ya Olimpiki ya 2028 itachezwa Oklahoma City, kwenu si mbali. Anza kuweka hela za tiketi.