Naomba ushauri: ngoma zinameza sauti za waimbaji

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Niko chuoni hapa Tabora. Kikundi chetu cha wanafunzi 14 kinaandaa onyesho la saa moja: nyimbo tisa, uchezaji, na vichekesho vifupi katikati, bila hadithi moja ya kuviunganisha. Tumebakiza wiki tatu.

Kinachonikwamisha ni sehemu ya mwisho, tunapoingiza manyanga, ngoma ya Kinyamwezi. Ngoma zikianza tu, waimbaji hawasikiki. Ukumbi wenyewe ni bwalo la chakula, bati juu, saruji chini, sauti inarudi kama uko ndani ya pipa. Maikrofoni tunazo mbili, na moja ina kichaa chake.

Tuliwahamishia wapigaji nyuma ya pazia, wakapotea mapigo kwa sababu hawawaoni wachezaji. Tukafunika ngoma kwa kanga, mlio ukawa wa ndoo. Kuwaomba wapige kwa mkono mwepesi... mnawajua wapiga ngoma, dakika mbili wameshasahau.

Sasa wapigaji niwaweke wapi ili wawaone wachezaji bila kuwafunika waimbaji, na hizo maikrofoni mbili niziweke kwa nani? La pili: nyimbo mbili ni za wasanii wa Bongo Fleva, na tutatoza kiingilio cha shilingi 1,000. Kibali cha hakimiliki cha kuimba nyimbo hizo anakwenda kuomba mwalimu mlezi, au lazima barua itoke kwa mkuu wa chuo? Aliyewahi kupitia hili anisaidie.