Watu wanaojitolea kulea watoto wetu hapa Mwanza wanapokelewa kwa barua ya mtaa tu, na wakilalamikiwa wanahamishiwa kituo kingine

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Mimi ni mzazi, mkazi wa Ilemela, na mwanangu wa miaka 11 amekuwa akienda kila Jumamosi kwenye programu ya jamii inayokusanya watoto wa mitaa yetu kwa ajili ya mpira, masomo ya ziada na chakula cha mchana. Programu yenyewe sitaitaja, wala sitamtaja mtu yeyote, kwa sababu jambo hili halijafika mahakamani na mimi si hakimu. Ninacholalamikia ni namna watu wazima wanavyokabidhiwa watoto wetu bila mtu kuuliza walikotoka.

Wiki tatu zilizopita, mama mmoja anayeleta dagaa pale Mwaloni kutoka visiwani alipita nyumbani kufuata fedha yake. Tukiwa tunahesabiana, mwanangu akarudi akisindikizwa na kijana mmoja kati ya wale wanaojitolea kuwafundisha mpira. Yule mama aliacha kuhesabu, akanyamaza hadi kijana alipotoka nje ya geti, kisha akaniuliza: "Dada, huyu kijana mnamfahamu vizuri?" Akanieleza kwamba aliwahi kufundisha watoto kisiwani kwao, kwamba yalitokea malalamiko kuhusu binti mdogo, wazee wakakaa kikao, familia ikapozwa kwa fedha, na kijana akaondoka na boti ya alfajiri. Polisi hawakuitwa na hakuna jalada lililofunguliwa.

Inawezekana kabisa kwamba yule mama amemfananisha. Ndiyo maana sikupiga kelele mtaani, bali Jumatatu yake nilikwenda ofisini kwa waratibu kuuliza swali moja tu, kwamba kijana huyu alichunguzwaje kabla ya kupewa watoto.

Mratibu alilitoa faili kwenye rundo lililokuwa wazi juu ya meza, akalifungua na kunitajia kilichomo. Palikuwa na nakala ya kitambulisho cha Taifa, picha mbili za pasipoti, karatasi yenye majina na namba za wadhamini wawili, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Barua ilikuwa na mistari minne, ikisema kwamba mtajwa anafahamika kuwa mkazi wa mtaa huo, ni raia mwema, na apewe ushirikiano, na chini yake muhuri. Nikauliza alikuwa amekaa mtaani hapo kwa muda gani kabla ya kuandikiwa barua hiyo, na mratibu hakujua. Nikauliza kama wadhamini walipigiwa simu. Akasema haikuonekana haja, kwa kuwa kijana ana heshima na watoto wanampenda.

Barua ya mtaa tunaijua sote. Tunaichukua tunapofungua akaunti benki, tunapoomba kazi, tunapomdhamini ndugu. Mimi mwenyewe nilipohamia ninapoishi sasa niliandikiwa barua ya namna hiyo kabla sijamaliza wiki, na mtendaji alikuwa ananiona kwa mara ya kwanza. Barua ile inaeleza mtu analala wapi. Haielezi alifanya nini alikolala mwaka juzi, na mtendaji anayeiandika hana njia ya kulijua hilo. Kwa sisi wa kandokando ya ziwa jambo hili lina uzito zaidi, maana watu wetu wanahama kila wakati. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa makambi yanapumzika, na mtu anaweza kuhama kutoka mwalo mmoja hadi mwingine, kutoka Ukerewe hadi Sengerema hadi mjini, bila mtu kumuuliza zaidi ya jina lake.

Nilimwambia mratibu kwamba polisi wanatoa hati ya tabia njema, ile ambayo mwombaji huchukuliwa alama za vidole na kumbukumbu zake za makosa ya jinai kuangaliwa. Tumezoea kuiona kama hati ya watu wa safari, wanaokwenda kusoma au kufanya kazi nje ya nchi, lakini sioni kwa nini anayekwenda Dubai achunguzwe kuliko anayebaki na watoto 40 uwanjani hadi saa kumi jioni. Jibu nililopewa ni kwamba masharti kama hayo yatawakatisha tamaa wenye moyo wa kujitolea, na kwamba programu haina fedha. Programu hiyohiyo mwaka huu imewachapishia wote fulana mpya zenye nembo, mbele na mgongoni. Kina mama wanaopika uji pale, ambao wengine wana wajukuu kwenye programu hiyo, niliwauliza mmoja mmoja, na wote walisema wako tayari kupeleka vidole vyao hata kesho, ilimradi nauli na ada visitoke mifukoni mwao.

Hata hivyo, nimelifikiria jambo hili kwa siku nyingi, na ni lazima niseme kweli yote: kama aliyoyasema yule mama ni kweli, hati ya polisi ingetoka safi. Hati inasoma kilichoandikwa, na pale kisiwani hakuna aliyeandika. Wazee wale walidhani wameyamaliza, kumbe walichofanya ni kuipakia hatari kwenye boti na kuileta huku kwetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hebu kila mmoja wetu ahesabu watoto wa mtaani kwake kwa kipimo hicho, kisha ajiulize ni kesi ngapi amesikia zimefika mahakamani.

Wenzetu Uingereza walijifunza hili kwa msiba. Agosti 2002, katika mji wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mwanamume aliyekuwa mtunza majengo wa shule ya sekondari. Baadaye ilibainika kwamba polisi wa eneo alikoishi zamani walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa dhidi yake kuhusu wasichana na wanawake, lakini hakuwa ametiwa hatiani kwa tuhuma hizo, na taarifa hazikuifikia shule iliyomwajiri. Uchunguzi ulioongozwa na Sir Michael Bichard ulitoa ripoti mwaka 2004, ikafuata sheria ya mwaka 2006, na tangu Desemba 2012 kazi ya kukagua historia za wanaofanya kazi na watoto iko chini ya chombo kinachoitwa DBS. Ukaguzi wake wa ngazi ya juu unaweza kubeba hata taarifa za polisi ambazo hazikuishia kwenye hukumu, na anayejitolea halipii cheti hicho. Zaidi ya hapo, kipo cheti cha kimataifa cha ulinzi wa mtoto kwa ajili ya Waingereza wanaokwenda kufanya kazi na watoto nchi za nje. Programu yetu hupokea wageni kutoka huko, na nilipouliza kama wamewahi kuombwa cheti hicho, mratibu alikuwa hajapata kukisikia.

Sitaki mtu anielewe kwamba nataka kila aliyewahi kufungwa azuiwe maisha yake yote. Aliyeiba kuku akiwa na miaka 19, akatumikia adhabu yake, ana nafasi yake kwetu, na Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mtu kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Vilevile, tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, makaratasi ya namna hii hayapaswi kulala mezani mahali ambapo kila mgeni anaweza kuyasoma, kama nilivyoyakuta. Lakini kumsimamisha mtu asikae na watoto wakati anaulizwa si kumhukumu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike usiku huu. Juzi nilipigiwa simu na mratibu, akaniambia kwa sauti ya mtu anayenitendea wema kwamba suala langu limeshughulikiwa: kijana amehamishiwa kituo kingine, upande wa Nyamagana. Hakuna aliyepiga simu kisiwani, wala aliyewatafuta wale wadhamini wawili. Wazazi wa kituo cha huko hawajaambiwa neno. Wamefanya kilekile kilichofanywa na wazee wa kisiwani, na mimi nikatakiwa nishukuru, kisha nikaombwa nisiendelee "kuchafua jina la programu".

Jana asubuhi nilikwenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, nikaandikisha maelezo, na nikapita kwa afisa ustawi wa jamii. Yule mama wa dagaa amekubali kuja kueleza alichokiona. Kikao cha wazazi ni Jumamosi ijayo, na nitasimama kutaka programu ilipie hati ya polisi kwa kila anayekaa na watoto, iwapigie simu viongozi wa kila mahali alikoishi mtu kwa miaka mitano iliyopita, na isimwache mtu mzima mmoja peke yake na mtoto.

Naomba wazazi wenye watoto kwenye vituo vya upande wa Nyamagana waulize nani mpya amepokelewa wiki hii, na ametokea wapi. Na kama yupo mwenye fomu ya uchunguzi inayotumika kwenye kanisa, msikiti au timu ya watoto mahali popote Kanda ya Ziwa, aiweke hapa kabla ya Jumamosi ili niichapishe niende nayo.