RAID 5 inapanuliwa, load imefika 9: prosesa imezidiwa?

Mwanjelwa_IT: Wakuu habari. Seva ya ofisi hapa Mbeya ina Linux, mdadm, RAID 5 (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ikifa moja data inabaki) ya diski 4 za TB 4, prosesa ya viini 4; mdadm ndiyo programu ya kuisimamia. Nimeongeza diski ya 5:

mdadm --add /dev/md0 /dev/sdf1
mdadm --grow /dev/md0 --raid-devices=5

Tangu hapo uptime inaonyesha load (wastani wa kazi zilizo kwenye foleni) 9, mafaili ya Samba (yanayoshirikiwa kwenye mtandao wa ofisi) yanafunguka kwa kusuasua, na /proc/mdstat inasema speed=8100K/sec. Ninunue prosesa nyingine?

Fundi_Iringa: Usinunue kitu, mkuu. Linux inahesabu kwenye load hata programu zinazosubiri diski, zile zenye herufi D kwenye top. Humo humo angalia "wa" (muda prosesa inasubiri diski) na "id" (muda haina kazi). Wa ikiwa juu huku md0_raid5 (programu inayoendesha RAID yako) inakula kidogo, prosesa imekaa tu. Hesabu ya XOR, inayotengeneza pariti (data ya ziada ya kurudisha diski ikifa), ni nyepesi sana kwa prosesa za siku hizi. Wanaoteseka ni vichwa vya diski: data inasomwa kwa mpangilio wa diski 4, pariti inakokotolewa upya, inaandikwa kwa mpangilio wa diski 5, na katikati ya hayo watu wa Samba nao wanaomba mafaili yao.

Anza na hii:

echo 8192 > /sys/block/md0/md/stripe_cache_size

Hiyo ni akiba ya RAM ya RAID, kawaida ni 256. Itachukua RAM 8192 × KB 4 × diski 5, yaani MB 160. Ofisi ikifungwa jioni, weka 50000 kwenye /proc/sys/dev/raid/speed_limit_min (kasi ya chini ya upanuzi, KB kwa sekunde). Asubuhi irudishe 1000, watu wafanye kazi. Kwa kasi uliyonayo utamaliza karibu siku 6. Ukifika MB 30 kwa sekunde, kama saa 37.

Makambako_Sys: Naongezea. Piga iostat -x 5. Diski moja ikiwa %util (muda iko bize) 100 na nyingine ziko chini, hiyo moja ndiyo inavuta zote nyuma. Ichunguze kwa smartctl -a: Current_Pending_Sector ikizidi sifuri ni diski yenyewe, UDMA_CRC_Error_Count ikizidi kupanda mara nyingi ni waya wa SATA. Soma na modeli, maana diski za SMR (zinazoandika data kwa mistari inayopandiana) huzorota sana kwenye kazi hii. Ila md0_raid5 ikigonga 100% ya kiini kimoja, hapo ndipo prosesa inabana. Weka 2 kwenye group_thread_cnt (idadi ya wasaidizi wa kugawana kazi hiyo), folda ile ile ya md.

Mwanjelwa_IT: Asanteni sana. Wa ni 71, md0_raid5 ni 12%. sdf iko %util 99 na CRC inapanda. Naweza kuzima nibadilishe waya?

Fundi_Iringa: Unaweza, lakini zima kwa poweroff, usichomoe chochote ikiwa inawaka. Hatua ya upanuzi ilipofikia imeandikwa kwenye diski zenyewe, ikiwaka itaendelea. Ungekuwa umetumia --backup-file, huenda ungelazimika kuitaja tena faili hiyo wakati wa --assemble (kuiunganisha RAID upya). Ikishawaka, weka upya stripe_cache_size, imerudi 256. Iache kwenye UPS mpaka mwisho, na nakala ya data iwe nje ya seva. Ikimaliza, nafasi mpya haitaonekana kwenye df mpaka upige resize2fs /dev/md0 kwa ext4, au xfs_growfs na folda ilipofungwa kwa XFS.