Mrejesho: nimebeba ThinkPad ya mtumba

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliwauliza nichukue laptop ya ThinkPad T480 iliyotumika au kilaptopu kipya cha RAM (kumbukumbu ya muda) 4GB na diski ya 64GB, bei karibu sawa. Nimebeba T480. Kariakoo nilimganda muuzaji nusu saa: nikaminya kila kitufe, nikachomoa betri ya nje kuona kama ya ndani inashika. Ya nje imechoka, haifiki saa moja, nikapunguziwa elfu 40. RAM nimeongeza mwenyewe kwa bisibisi. Kile kipya RAM yake imechomelewa kwenye ubao, huwezi kuibadilisha hivyo. Uzito ndio kero, kwenye mwendokasi bega linajua. Aliyenionya kuhusu nywila ya BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta), asante mkuu: laptop ya kwanza niliyooneshwa ilikuwa imefungwa kwa nywila hiyo.