Pauni 650,000 kwa Ford Escort: bei hiyo inamhusu nini mwenye Peugeot 504 huku Njoro?

Mwenye Mada, Nakuru
Wadau, Agosti 2022 huko Uingereza Ford Escort RS Turbo ya mwaka 1985 iligongewa nyundo mnadani kwa pauni 650,000. Ilikuwa ya Princess Diana, sawa, lakini Escort ni Escort, gari la karani na mwalimu. Habari kama hizi zimefika mpaka Njoro na Molo. Ukiuliza bei ya Peugeot 504 iliyopandishwa juu ya mawe na kuku wanataga ndani, unatajiwa pesa ya kununua Toyota Probox inayotembea. Je, bei za minada ya ng'ambo ni kipimo cha haki kwa magari ya kawaida ya huku, au tunadanganyana?

Dalali wa Kondele
Tunadanganyana. Pale liliuzwa jina la Diana, gari likatupwa kama nyongeza. Bei ya mnada hupandishwa na watu wawili tu wenye pesa ambao hakuna anayetaka kumwachia mwenzake. Leo mmoja akiwa na mafua, bei inabaki nusu. Tena vyombo vya habari huandika gari lililovunja rekodi. Yale yaliyorudi nyumbani kwa kutofika bei ya chini aliyoweka muuzaji, nani anayaandika?

Kabureta
Ndugu Dalali, kama ni jina tu, nieleze hili: mwaka 2021 Escort nyingine ya Diana huyo huyo, Ghia ya 1981, iliuzwa takriban pauni 52,000. Mwenyewe mmoja, Ford moja, na bei imezidiana mara kumi na mbili. RS Turbo za toleo la kwanza karibu zote zilitoka kiwandani nyeupe. Yake ilipakwa nyeusi makusudi, na saa ya kuhesabu mwendo ilisoma chini ya maili 25,000. Wanunuzi hao walilipia gari ambalo halijaguswa na linaloweza kuthibitisha hivyo kwa karatasi. Hapo ndipo magari mengi ya huku yanapoangukia.

Chukua hiyo 504. Injini yake ya petroli ya cc 1,971 imelazwa kwa pembe ya digrii 45. Ikifa, fundi anatafuta injini ya Toyota ya dizeli, ambayo husimama wima. Viegemeo vya injini vinakatwa na kuchomelewa upya. Kisha linakuja tatizo kubwa: propela ya 504, yaani mhimili unaopeleka nguvu nyuma, huzunguka ndani ya bomba lililofungwa kwenye gia boksi mbele na kwenye difu (gia za magurudumu ya nyuma) nyuma, na bomba hilo ndilo linaloizuia difu isijipindue ukikanyaga mafuta. Gia boksi ya Toyota haina pa kulishika. Fundi analitupa, anaweka propela ya wazi yenye krosi (viungo vinavyopinda), na tangu siku hiyo raba za nyuma zinaliwa na gari linagonga kila ukiachia klachi. Gari linatembea, ndiyo. Mnadani hilo ni la spea.

Gwiji wa Spea, Kisumu
Naunga mkono, naongeza kutu. Mtu akikuonyesha 504 inayong'aa, chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa chepesi isikwaruze rangi, uipitishe chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu na kwenye shimo la tairi la spea. Mahali inapoteleza pana puti, ule udongo wa kuziba mashimo ya bati. Puti hunywa maji. Kwa mvua zetu za huku ziwani, bati la nyuma yake huoza kimyakimya huku rangi ikiwa safi, mpaka siku unapoona vipele. Ukishaviona, usihesabu bei ya rangi. Hesabu bati jipya la chini ya milango pande zote mbili, na ung'oe kapeti kabla hujatoa hata shilingi.

Molo Pikapu
Mnaongea kana kwamba magari haya ni ya makumbusho. Pikapu za 504 bado zinabeba viazi. Bei za kuota zinatuumiza sisi wenye kuzitumia: zamani ulinunua moja iliyokufa ukaokoa tatu, sasa mwenye mzoga anasubiri Mzungu. Na huyo Mzungu anataka nini na usukani wa kulia? Land Cruiser FJ40 zinazopigiwa kelele Marekani zina usukani wa kushoto. Ile sheria yao ya kuruhusu gari la miaka 25 kuingia inafungua mlango tu, haimlazimishi mtu kupenda usukani upande usiofaa. Toa nauli ya meli kutoka Mombasa, toa ada za mnada, uone kinachobaki.

Kabureta
Kwa usukani umesema kweli. Ila kuna soko moja lisilokataa usukani wa kulia na liko hapa hapa: East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani. Ford Escort zilishinda Safari Rally mwaka 1972 na 1977, na Datsun zikashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979. Kwa hiyo bodi ya Escort ya milango miwili, hata tupu, ina mteja. Ya milango minne haina. Mwenye ya milango minne asidai bei ya ndugu yake.

Dalali wa Kondele
Hapo sawa, maana huyo mnunuzi anajua gari ataliendesha wapi. Lakini mnasahau logibuku, hati ya umiliki wa gari. Gari lina namba ya zamani isiyo na herufi mwishoni, jina ni la marehemu, injini iliyoandikwa si iliyomo. Gari kama hilo nalipa bei ya chuma, hata liwe limetoka kanisani.

Mwenye kuuza afanye hivi: asipake rangi. Apige picha kibati cha utambulisho chini ya boneti, namba iliyogongwa kwenye bodi, na uvungu mzima. Injini ya asili, hata kama imekwama, iende pamoja na gari. Mirathi na uhamisho wa umiliki kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, zimalizwe kabla ya kumwita mnunuzi, kwa sababu mnunuzi akisubiri miezi bei hushuka, haipandi.

Mwenye Mada, Nakuru
Na zile 504 station wagon zilizokuwa zikipeleka abiria Kisumu?

Gwiji wa Spea, Kisumu
Hizo ndizo adimu, ziliishia kazini. Angalia nyuma kama springi zote nne zipo, mbili kila upande. Wengi waliweka springi za majani za lori. Halafu fungua mlango wa nyuma utafute siti ya tatu. Ikiwepo na vyuma vyake vya kufungia sakafuni, nipigie mimi kabla ya Dalali.

Dalali wa Kondele
Nimeshaona, Gwiji.