Mtoto wangu analia Arsenal, mjombake amesambaza video. Nifanyeje?

BabaSaba (Majengo), Ijumaa, 9 Mei 2025

Salaam aleikum jamaa. Najua mkishaliona jina Arsenal mtacheka. Chekeni kwanza mmalize, kisha mnisaidie.

Nina kijana wa miaka tisa. Mpira nimemwambukiza mwenyewe, sina wa kumlaumu. Jezi ya kwanza nilimnunulia Mwembe Tayari kabla hajajua kusema "baba" sawasawa. Sasa yeye ni namba saba, jezi ya Saka. Mpaka daftari la chuoni, madrasani, amelichora saba kila pembe, ustadh keshanilalamikia.

Jumatano nilimruhusu akeshe. Mamake alikataa, mechi ni saa nne usiku na kesho shule. Nikamwambia nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya haiji kila mwaka, mara ya mwisho ilikuwa 2009, mtoto huyu hata hajazaliwa. Tena tulikuwa tumetoka kuwapiga Real Madrid 3–0 London na 2–1 kwao. Kweli PSG, timu ya Paris, walitufunga 1–0 mkondo wa kwanza, bao la Dembélé dakika ya nne, lakini nilimshika bega nikamwambia: "Moja si kitu, mwanangu." Nikaapa kabisa.

Tukaenda kutazama Kisauni kwa shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, kwa kuwa ana televisheni kubwa. Yeye ni Chelsea. Mwanzo tuliwakaba koo kwao Paris, kipa wao Donnarumma akawa anatoa mipira ambayo mimi nilishaanza kuishangilia. Dakika ya 27 Fabián Ruiz akatia. Kijana kimya. Kipindi cha pili wakapata penalti, kipa wetu Raya akaupangua mkwaju wa Vitinha, mtoto akaruka mpaka akamwaga sahani ya viazi karai. Hata havijaokotwa, Hakimi akafunga la pili. Saka akarudisha moja dakika ya 76, roho ikarudi. Kisha akaletewa mpira karibu na lango, namna ile ambayo hata mimi na kitambi changu ningefunga, akaupaisha juu.

Hapo ndipo kijana alipolia. Si kilio cha kudeka, ni kilio cha msibani.

Na mimi, Mungu anisamehe, sikumtazama. Nilikuwa nimesimama nimejishika kichwa, napiga meza, napiga kelele: "Tumekwisha! Wameniua hawa!" Tukatoka hata kuaga hatukuaga.

Asubuhi ndipo nikajua, kumbe shemeji alikuwa akimrekodi kijana. Dakika nzima, mtoto kamasi zinamtiririka, nyuma yasikika sauti yake akicheka, chini ameandika "Urithi wa babake". Kaitia kwenye kundi la familia, ikavuka huko ikafika kwa wazazi wa shuleni. Alhamisi wenzake wakamwigiza darasani. Karudi hali chakula, chuoni hakwenda, jezi ameivua kaificha chini ya godoro. Usiku ananiuliza: "Baba, tumekwisha kweli?"

Mke wangu hasemi nami, wala hasemi na nduguye. Nimkabili shemeji, au nitaonekana utani umenishinda? Na huyu mtoto nimkataze mpira, au nimwache achague timu nyingine? Mwenyewe asema anataka PSG. Nusura nianguke.

Kisiki_Tudor

Mwache aende PSG. Angalau mtu mmoja nyumbani kwenu alale na furaha.

MamaWawili

Kisiki, hebu kaa kando kidogo.

BabaSaba, mimi mpira sijui, lakini video naijua. Utani wa shemeji ni wako wewe. Akuite jina lolote, akutumie jeneza la Arsenal, akupikie uji wa matanga, ni haki yake na wewe utamlipa Chelsea wakifungwa. Mtoto si mtani wake. Mtoto ni mwana wa dadake, na mjomba ndiye angemfuta machozi. Nenda kwake kwa miguu yako, usimwandikie kwenye kundi, maana huko kila shangazi atatia chumvi. Mwambie aifute, na amwambie mtoto mwenyewe kwa mdomo wake. Jumatatu pita kwa mwalimu wa darasa. Hilo la wenzake kumwigiza ukilidharau litadumu muhula mzima.

Chuma_Changamwe

Mtoto wa kiume halii kwa sababu ya mpira. Mnawalea vipi hawa?

MamaWawili

Na babake aliyepiga meza za watu usiku wa manane, yeye ni mtoto wa nini?

Msomaji_Kimya

Naomba niulize, usikasirike. Ulikuwa na mkeka?

BabaSaba

@Msomaji_Kimya kwa nini umeuliza hivyo?

Msomaji_Kimya

Kwa sababu "tumekwisha" ni neno la shabiki. "Wameniua" ni neno la mtu aliyeweka pesa kwenye mkeka wa kubashiri. Nalijua, nimeshalisema.

BabaSaba

Haya. Elfu mbili. Ilikuwa ya kujaza mtungi wa gesi. Niliweka Arsenal wafuzu. Mke wangu hajui, tangu jana tunapikia makaa na nimemwambia gesi imeadimika.

Kisiki_Tudor

Gesi imeadimika Mombasa! Yakhe, matangi yanaonekana kutoka barabarani.

Mzee wa Kahawa Tungu

Nimesoma yote na miwani yangu. Kijana, mimi nimefungwa kabla hujazaliwa. Mwaka 1979 Gor Mahia walifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, wakala mabao manane bila jibu mikondo miwili, mbele ya Canon Yaoundé. Manane. Sisi pale bandarini tulikuwa na redio moja ya betri, mwenye redio akaizima akaenda nayo kwao, hakuna aliyemuuliza. Mwaka 1987 Gor hao hao wakalichukua kombe lile lile mbele ya Espérance, 2–2 kule Tunis na 1–1 Nairobi, kwa sheria ya bao la ugenini kuhesabika zaidi. Mwenye redio alikuwa keshahamia Tanga. Sijui kama alisikia.

Sikuambii mwanao angoje miaka minane. Nyinyi mmeshangoja zaidi ya hiyo, nimesikia. Nataka kujua kitu kimoja: fainali ile ya Ulaya ya 2006, Arsenal na Barcelona, wewe ulikuwa wapi, na nani alikurudisha nyumbani?

BabaSaba

Mzee, umenigusa.

Nilikuwa na miaka 16. Ilikuwa Paris hiyo hiyo, uwanja ndio mwingine. Lehmann akatolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 18, tukabaki kumi, Campbell akafunga kwa kichwa, tukaongoza mpaka dakika ya 76. Eto'o akasawazisha. Dakika chache tu, Belletti akawafungia la pili. Banda la mpira likafungwa, watu wakaenda zao, mimi nikabaki barazani kwa watu, sitaki kwenda nyumbani.

Marehemu babangu akaja kunitafuta na tochi. Mpira hakuujua, alidhani Barcelona ni mji wa Uingereza. Hakuniuliza nani kashinda. Tukapita kwa muuza mishkaki aliyekuwa akizima moto wake, akaninunulia miwili iliyobaki, tukarudi kimya, yeye mbele na tochi.

Nilikuwa nimeisahau ile tochi.

Golikipa Mstaafu

Mimi nina langu la kuongeza, mkichoka mniambie. Nimedaka ligi za mtaa miaka kumi na moja. Shida ya watoto wetu ni kuwa mpira wanauona kwenye kioo tu, mchezaji akifungwa anapotea, wanadhani kafa. Mpeleke uwanja wa Mbaraki akatazame Bandari. Timu yetu hiyo, 2019 ilichukua Ngao ya taifa, lakini imefungwa mara nyingi kuliko mwanao anavyoweza kuhesabu. Mechi ikiisha msiondoke. Asimame nje amwone beki aliyekosea akinunua madafu, akicheka na wenzake, akipanda tuktuk. Swali la "tumekwisha kweli" hutalijibu wewe, atalijibu yule beki.

Hilo la PSG usilitie moyoni. Mwanangu alihama timu tatu kabla ya kubaleghe.

Chuma_Changamwe

Hilo la Mbaraki nimelikubali. La kulia bado.

BabaSaba, Jumapili usiku

Nimerudi na habari.

Jana nilikwenda Kisauni peke yangu. Shemeji alinifungulia akicheka, akaona uso wangu, akaacha. Sikupiga kelele. Nilimwambia mtoto hajala vizuri siku mbili. Akaitazama ile video kama anaiona mara ya kwanza, akaifuta mbele yangu, akaandika kwenye kundi waifute wote. Wengine wameifuta, wengine simwamini hata mmoja.

Jioni akaja mwenyewe na mahamri na mbaazi. Akakaa mkekani na mpwawe, akaanza kumsimulia fainali ya 2008, Moscow, mvua inanyesha, John Terry anakwenda kupiga penalti ambayo akifunga Chelsea wanachukua kombe mbele ya Manchester United. Akateleza, mpira ukagonga nguzo ya lango. Shemeji akasema siku ile yeye, mtu mzima ana ndevu, alilia chooni.

Kijana akamtazama, akamuuliza: "Walikurekodi?"

Shemeji hakupata jibu. Mke wangu alikuwa mlangoni na birika, akageuka akarudi jikoni. Kisha nikasikia yale mahamri yanaliwa.

Leo baada ya Magharibi tumetazama Liverpool kule Anfield, nyumbani kwetu, kwenye televisheni yetu ndogo. Tukafungwa mawili ndani ya dakika mbili. Nikauma mdomo, meza nimeiacha. Martinelli akarudisha moja, Merino akasawazisha kwa kichwa, na muda si muda Merino huyo huyo akapewa nyekundu. Imeisha 2–2. Kijana akasema, "Baba, kafunga yeye, katolewa yeye." Akaenda kulala bila kubembelezwa.

Jezi bado iko chini ya godoro. Mamake asema inanuka. Sijaigusa. Mbaraki tutakwenda mechi ijayo ya nyumbani.

MamaWawili

Alhamdulillahi. Na mkeo umeshamwambia ya elfu mbili?

BabaSaba

Hiyo nitafungua uzi mwingine.