Ushauri: nimepewa nusu saa nipige tuba peke yangu kanisani, nianzie wapi?

besi_ya_chini
Wakuu, habari zenu. Mimi ni mpiga matarumbeta wa usharika mmoja huku Moshi, mwaka wa tisa sasa, na siku zote mimi ni wa tuba, lile tarumbeta kubwa la besi. Harusi, misiba, Krismasi. Nimepandishwa nyuma ya pikapu mpaka magoti yanajua kila shimo la barabara. Sasa mwalimu wa kwaya kaja na lake: jioni moja Novemba nipige peke yangu, yeye kwenye piano. Nilicheka nikidhani ni utani. Kumbe tangazo limeshasomwa.

Shida ni kwamba nimezoea "pu, pa" chini ya wenzangu, sauti ya kwanza sijawahi kuibeba. Nikijaribu ukurasa mzima nyumbani pumzi inakata, naona nyota. Tuba ni ya usharika, BBb (ile kubwa ya sauti ya chini kabisa), vali 3 (vitufe vya kubadili noti), moja inakwama asubuhi. Nipige nini jamani?

tarumbeta_tatu
Piga "pu, pa" nusu saa, watatoa sadaka mara mbili ili unyamaze 😂

mstaafu_wa_bendi
Kijana, usimsikilize huyo. Nimepiga besi bendi ya jeshi miaka mingi. Bendini tulikuwa wawili, mmoja akivuta pumzi mwenzake anashikilia noti, na msikilizaji hajui kitu. Wewe sasa huna wa kukupokea, ndiyo maana unaona nyota. Bomba la BBb ukilinyoosha linakaribia mita 5 na nusu, na lote unalijaza mwenyewe.

Chukua penseli. Imba kipande chote kwa mdomo kabla hujagusa tuba, na pale unapovuta hewa bila kujilazimisha weka alama. Usivute kwa sababu mstari wa karatasi umeisha, vuta wimbo unapopumua. Halafu pigia alama zilezile kila siku, hata siku unayojiona una kifua cha ng'ombe. Na tuba ikuinukie mdomoni. Ukiinama kuifuata, tumbo linajikunja na hewa haiingii.

dada_wa_kinanda
Nasindikiza wapulizaji, niongeze la upande wangu. Nusu saa si dakika 30 za kupuliza. Zikiwa 18 zinatosha kabisa. Katikati mwalimu apige piano peke yake, wewe pumzisha midomo na umwage maji ya pumzi yaliyojikusanya ndani ya tuba, taratibu, siyo mbele ya mchungaji.

Utaambiwa upige koncheto (kipande kirefu cha tuba na okestra) ya Mwingereza Vaughan Williams ya 1954. Mzee aliiandika akiwa na miaka 81, ni nzuri mno, ila inapanda juu na wengi huipigia tuba ndogo ya F au Eb. Ukitaka kuonja, jaribu ile ya katikati, Romanza. Nayo inapanda, lakini inaimbika. Sonata ya Mjerumani Hindemith ya 1955, ya tuba na piano, iache, siyo kwa ajili yako, kwa ajili ya mwalimu! Sehemu ya piano pale ni kazi nzito, msipofanya mazoezi ya pamoja ya kutosha mtapotezana.

Mmarekani Persichetti ana Serenade namba 12, tuba tupu bila piano, vipande 6 vifupi. Chagua 2. Ukikuta noti iliyo chini ya E yako ya chini, vali 3 hazifiki, ipandishe oktavo, yaani noti ileile ya juu yake. Zinazobaki jaza nyimbo za ibada wanazozijua, ubebe sauti ya kwanza huko chini. Watu wakiutambua wimbo watakusamehe mengi.

mstaafu_wa_bendi
Na Novemba ni vuli. Bati likianza kupigwa na mvua, noti za chini hakuna atakayezisikia. Pangeni nyimbo za juu za akiba.

besi_ya_chini
Asanteni sana. Jana nilienda kanisani peke yangu na penseli. Romanza nimefika nusu, sikuona nyota hata moja. Mama anayepiga deki akasimama na ndoo yake, akaniuliza, "Wenzako wako wapi?" Nikamwambia leo niko mwenyewe. Akasema, "Haya, rudia ile ya polepole," akakaa benchi la nyuma.

Vali bado inakwama. Mafuta ya vali hapa mjini napata wapi?